Mama Kadi, Mpishi Aliyekataa Sufuria Moja

Mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Kadi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na muuza mboga. Alisoma hadi darasa la saba, akaacha ili wadogo zake wasome. Mwaka 1978, akiwa na watoto wawili, alirudi darasani akapata cheti cha upishi.

Aliolewa na baba yetu, fundi bomba, tarehe 2 Desemba 1972. Katika mwezi wa mwisho kabla ya posa, bomba la kwao mama lilitengenezwa mara tano. Babu alisema hajawahi kuona bomba linalovuja kila likimwona fundi.

Mwaka 1979 mama aliajiriwa jikoni katika makao ya wazee, akadumu miaka thelathini na mbili. Juu ya meza ya kupakulia alibandika kadi ya kila mzee, kama daktari alivyoagiza: huyu asile chumvi, huyu ana kisukari. Ndipo jina likamganda.

Mwaka 1994 alikuwapo dereva mstaafu ambaye kiharusi kilimlegeza koo, kwa hiyo chakula chake kilipondwa kikawa laini. Meneja mpya akaja na lake.

"Mama, wazee ni wazee tu. Sufuria moja inatosha."

"Sawa, mwanangu. Basi niandikie kwa mkono wako kwamba dereva nimpe wali mkavu. Akipaliwa, nitaonyesha karatasi."

Meneja hakuandika. Mama akaendelea kuponda, mlo kwa mlo, miezi saba. Siku mtaalamu alipompima dereva koo na kumruhusu kula chakula kigumu, mzee alichukua kipande cha kiazi kwa mkono wake, akatafuna, akameza, akaomba cha pili. Ukumbi mzima ulipiga makofi, meneja akiwamo.

Mwaka 2014 figo za mama zilianza kushindwa. Daktari alimpa miaka miwili. Mama akala alivyoandikiwa, maharage aliyoyapenda akayaaga. Tulipomletea ya kuonja kwa siri, alituuliza, "Mnanipenda, au mnanionea huruma?"

Aliishi miaka tisa. Alifariki nyumbani tarehe 14 Agosti 2023, saa moja asubuhi, baba akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja, kitukuu mmoja, na wapishi sita aliowafundisha, ambao leo wameketi nasi safu ya mbele.

Alale kwa amani, yeye aliyewalaza wengi wakiwa wameshiba salama.