Honi Mbili Kwenye Kona ya Budondo

Marehemu Geresom Ojwang alizaliwa tarehe 4 Machi 1971 huko Funyula, Kenya, mtoto wa kwanza wa Mzee Erisa Khaemba na Mama Nabwire. Alizaliwa kimya. Wakunga walikuwa wameshakata tamaa alipopiga kelele, na tangu siku hiyo hakufika mahali bila kujitangaza.

Alisoma Funyula hadi darasa la nane. Shule haikumpenda sana, naye hakuibembeleza.

Mwaka 1992 alishika usukani wa lori, akabeba chumvi na simenti kutoka Mombasa hadi Jinja. Madereva wa mpakani Malaba watamkumbuka kwa kicheko chake na kwa ubishi wake wa mpira.

Tarehe 15 Agosti 1998 alimwoa Juliet, binti wa mtaa wa Mpumudde, Jinja, wakajenga hapa Budondo. Kila aliporudi alipiga honi mbili kwenye kona ile, na Juliet akamwekea maji ya kuoga. Majirani walimtania: “Bwana Maji amefika.”

Mwaka jana alianza kuumwa kichwa, kisha jicho moja likaingia giza. Mimi mdogo wake, Norman, nilimpokea kwangu Nabuyonga, Mbale, akapimwa, akakutwa na uvimbe kwenye utando wa ubongo. Juliet alibaki nyumbani akimuuguza mama yake. Daktari alitueleza mapema kwamba ubongo na moyo ni majirani wa ukuta mmoja: ukigonga huku, kule wanasikia.

Alipasuliwa Jumanne, tarehe 9 Septemba 2025, asubuhi. Daktari alipougusa ule utando, moyo ulinyamaza. Aliinua mkono, moyo ukaanza tena. Asubuhi hiyohiyo Juliet alisikia honi mbili. Lori lake lilikuwa Malaba, halina hata betri. Hakuweka maji. Alisimama mlangoni akasema, “Bwana, bado. Hiyo safari imalize kwanza.”

Ijumaa mchana moyo wake ulianza kudunda ovyo, kisha ukasimama. Madaktari walihangaika, haukurudi. Nilipiga simu Budondo, na kabla sijasema neno Juliet akaniambia, “Shemeji, nimesikia honi. Mkono ukaenda wenyewe, nimeshaweka maji. Ni mimi nimemwita?”

Shemeji, nakujibu mbele ya watu wote: hukumwita. Mtu haitwi kwake.

Jana tulimfikisha. Beseni lilikuwa bado kwenye chumba cha kuogea, hakuna aliyeligusa tangu Ijumaa. Nilitia mkono nikautoa upesi, maji yalikuwa ya moto. Niliogopa, sifichi. Shangazi Adero alianza kusali, Juliet akalibeba beseni, na kwa maji hayo tukamwosha.

Ameacha mjane, Juliet. Watoto wawili, Ashley na Hakim. Mama yetu, Nabwire. Shangazi Adero, na mimi.

Kaka, umefika, na maji umeyakuta. Pumzika kwa amani.