Mzee Glasi na Nyasi Zake

Ndugu, jamaa na marafiki, kaka yangu, ambaye sote tulimwita Mzee Glasi, alizaliwa tarehe 9 Juni 1952, mtoto wa pili kati yetu watatu. Mama alikuwa akisema alianza kula udongo kabla ya uji. Mimi ndiye kitindamimba, kwa hiyo hayo nilihadithiwa tu.

Alisoma hadi kidato cha nne, kisha chuo cha kilimo, akahitimu mwaka 1974. Aliajiriwa katika kituo cha utafiti wa malisho, akapima udongo wa chini ya nyasi mpaka alipostaafu. Kipimo alichokipenda kilikuwa bonge la udongo ndani ya glasi ya maji. Likisimama, udongo una afya, likiyeyuka, "Umechoka, maskini." Alisema mizizi ya nyasi ndiyo inayoushika udongo, na samadi huzilisha nyasi. Na mbolea ya dukani? "Nayo nzuri, ila ukiimwaga kwenye ardhi tupu umemwandalia chakula mtu aliyelala."

Mwaka 1979 alikwenda kuposa. Akakaribishwa maji ya kunywa, naye akatumbukiza ndani ya glasi bonge aliloliokota shambani kwa wenyeji wake. Mama mkwe akanong'ona, "Huyu ni mzima kweli?" Maji yakawa tope. Baba mkwe akakodoa macho, akauliza, "Sasa tufanyeje, mwanangu?" Wifi yangu mpaka leo anasema aliolewa kwa glasi ya tope.

Kaka yetu mkubwa, dereva wa trekta, hakuyakubali kamwe hayo ya nyasi na glasi. Alitaka kuyalima malisho ya marehemu apande mahindi. Hata figo zilipomlaza marehemu hospitalini, walibishana hadi nesi akamtoa kaka wodini. Mara ya mwisho marehemu alimwambia, "Nikifa, weka bonge langu kwenye glasi. Likiyeyuka, lima." Alitutoka Jumanne, tarehe 4 Machi 2025.

Yanayofuata hayamo kwenye karatasi mlizoshika. Asubuhi hii, kaburi lilipochimbwa kwenye nyasi zake, kaka aliokota bonge, akalitia kwenye glasi hii hapa mezani. Tangu wimbo wa kwanza tunaichungulia, mimi na yeye, Mungu atusamehe. Bonge limesimama. Maji bado safi. Kaka, umeona? Haya, ameitikia kwa kichwa. Usilie, na mimi utaniliza. Jamani, nimemkosa mno.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu, mimi, kaka asiyependa kushindwa, na nyasi ambazo hazitalimwa. Apumzike kwa amani. Udongo wake umesimama.