Nani Atakupeleka Nyumbani?

Ndugu, jamaa na marafiki, dada yetu tunayemzika leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli. Alikuwa mtoto wa kwanza wa baba yetu fundi cherehani na mama yetu muuza maziwa. Mimi ninayesoma ni kitindamimba. Tangu utotoni alishughulika na matumbo ya watu. Ukilalamika tumbo, anakulaza mkekani, anakubonyeza, kisha anauliza kwa ukali, "Umekula nini huko kwa jirani?" Na kweli ulikuwa umekula.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli, akamaliza sekondari mwaka 1974, na mwaka 1978 akahitimu uuguzi. Baadaye alisomea uuguzi wa magonjwa ya tumbo na utumbo, wakati wenzake wakikimbilia wodi ya wazazi. Walimcheka. Yeye alisema watoto wachanga wana wa kuwapenda wengi, utumbo haupendwi na mtu.

Alifanya kazi katika chumba cha endoskopi, ambako mgonjwa humeza mpira mwembamba wenye kamera ili daktari alione tumbo lake kwa ndani. Dada alisimama upande wa kichwa, mkono begani kwa mgonjwa, akisema, "Vuta pumzi kwa pua, taratibu, niko hapa." Ndiyo asili ya jina Mama Pumzi. Kuanzia 1995 alifundisha pia chuo cha uuguzi, hadi alipostaafu mwaka 2016. Kila mwanafunzi alilazwa ubavu wa kushoto, kipande cha plastiki kati ya meno, ajue ilivyo kutaka kusema usiweze. Mmoja aliwahi kumuuliza mgonjwa aliyekunywa dawa ya kusafisha utumbo kama amelala salama. "Alale saa ngapi," dada akamfokea, "na kakesha chooni?"

Sheria yake moja haikupindishwa: anayechomwa sindano ya usingizi haondoki peke yake. Kabla ya yote aliuliza, "Nani atakupeleka nyumbani?" Asiye na mtu aliambiwa asubiri kwenye benchi, na zamu ilipoisha dada alimpeleka mwenyewe hadi mlangoni. Tulimtania kwamba anaijua milango ya mji huu kuliko tarishi.

Aliolewa mwaka 1983 na mwalimu wa hesabu. Hawakujaliwa watoto, na mwaka 1991 mume alihamia mbali kikazi. Salamu zikapungua, zikakoma. Dada hakumsema vibaya hata siku moja. Alibaki katika nyumba yake ya ghorofani, na kiti kimoja kibarazani. Tukimwalika alikuja, akaosha vyombo, akaondoka mapema. Tulidhani anaupenda upweke. Hakuupenda, aliuzoea tu.

Mwishoni mwa mwaka jana chakula kilianza kumkwama. Alikwenda chumba kile kile bila kutuambia. Muuguzi wa zamu alikuwa mwanafunzi wake, na ndiye aliyetusimulia. Alipomuuliza nani atampeleka nyumbani, dada alijibu, "Hakuna. Usinichome sindano. Nipulizie ganzi kooni, nitavumilia."

"Mama, nitakupeleka mimi. Si na wewe ulikuwa unawapeleka?"

"Mimi sikuwa na wa kumwahi nyumbani. Wewe una mtoto mchanga."

Akaumeza mpira akiwa macho. Muuguzi alimshika bega, akamwambia avute pumzi, na dada akatokwa machozi kimyakimya mpaka mwisho.

Ilikuwa saratani ya umio. Tulipojua tulimfuata, akakubali kukaa kwangu, lakini maji yalikuwa yamezidi unga. Alifariki hospitalini tarehe 2 Juni 2023, asubuhi, kabla ya saa ya kuona wagonjwa. Nilikuwa getini na uji wake.

Ameacha wadogo zake, dada yetu wa kati na mimi. Wapwa waliomwita shangazi kwa woga na kwa mapenzi. Na hawa wauguzi waliosimama nyuma na sare zao, vijana kwa wenye mvi. Leo asubuhi mhudumu wa mochwari alitoka akauliza nani anampeleka marehemu. Nilifungua mdomo. Wao wakaniwahi, wote kwa pamoja: "Sisi."

Dada, umefika nyumbani. Pumzika kwa amani.