Daftari la Eufrasia wa Kasoli

Ndugu waombolezaji, mimi ni Athanasi Bujiku, kaka mkubwa wa marehemu, ukoo umenituma nisome, mniwie radhi sauti ikikwama.

Mdogo wetu Eufrasia Kwandu Bujiku alizaliwa hapa Kasoli tarehe 14 Machi 1985, akasoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia 1993 hadi 1999, sekondari Maswa hadi 2003, kisha ufundi wa maabara Mwanza, ambako mwaka 2008 aliajiriwa katika maabara ya chuo kimoja. Tarehe 2 Julai 2011 alifunga ndoa na shemeji yetu Masunga, wakajaliwa Precious mwaka 2012 na Elia mwaka 2016.

Mnajua kila msimu tunang'oa mabua ya pamba na kuyachoma, ndiyo amri, yeye akatuomba tumwachie magunia mawili, tukamcheka. Kumbe alitoa humo selulosi, akaiyeyusha ikawa ute, akauvuta kwa umeme kutoka ncha ya sindano, ukawa nyuzi ambazo jicho halizioni mpaka zirundikane, na baada ya miaka sita akapata kitambaa cheupe cha kufungia vidonda vya moto, kisichonata kwenye nyama. Vipimo vyote aliviandika daftarini kwa Kisukuma, maana ndicho alichozoea kuhesabia tangu utoto.

Desemba 2023 aligundulika na kansa ya ini, akalazwa Mwanza, na mkuu wake wa kazi, Dkt. Joakim, akaja siku tatu mfululizo akiomba atafsiriwe daftari, akiahidi andiko la utafiti litakuwa na majina mawili, lake na la Eufrasia. Jamani, kiti nilimpa mimi! Eufrasia alitafsiri huku anatapika, akimwita mtu yule kaka, na mimi kaka yake nimesimama mlangoni nashukuru. Septemba 2024 andiko likatoka na jina moja, la Joakim, na chini kabisa shukrani kwa "fundi wa maabara", basi. Precious alimsomea mama yake, mama akageukia ukutani, kazi hakuitaja tena mpaka alipofariki Jumapili tarehe 9 Februari 2025, saa nane mchana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliochota maji na kupika, na wafanyakazi wenzake mliotoka Mwanza. Dkt. Joakim, nakuona umekaa mbele, shada lako limeandikwa "fundi wetu mpendwa", tumelirudisha kwenye gari lako. Daftari analo Precious, na Kisukuma anakisoma vizuri.

Pumzika, Kwandu, amani itafuata jina lako likirudi.