Baiskeli ya Nathanieli Bado Iko Ziwani

Nyuma ya soko la Bukoba, kwenye kibanda cha fundi baiskeli anayeitwa Injinia, kuna benchi ambalo halijawahi kukosa watu. Wanakunywa kahawa ya Salma, wanatafuna akamwani, zile buni zilizokaushwa, na wanagombania mambo yasiyowahusu. Asubuhi hiyo jambo lilikuwa la Elikana. Kaka yake, Nathanieli, alikuwa mtembeza wageni kwa baiskeli, na mtumbwi wake ulipinduka wiki sita zilizopita akielekea kisiwa cha Bumbire. Wenzake wanne waliokolewa. Yeye na baiskeli yake hawakuonekana. Leo saa nane mchana, nyumbani Muleba, ukoo ungezika mgomba badala ya mwili wake. Elikana alikuwa anasubiri gari la kumpeleka, lakini roho haikutaka kwenda, kwa sababu kile kidude cha GPS kilichofungwa chini ya tandiko la baiskeli kilikuwa bado kinaonekana kwenye simu yake.

— Imefika wapi? — Injinia aliuliza, mikono imejaa grisi.

— Kati ya Bumbire na Goziba — Elikana alijibu. — Inatembea.

— Mwendo?

— Kilomita kumi na mbili kwa saa.

— Ndiye huyo, waitu! Nathanieli hakuwa na papara.

Nahodha akaguna. Jina hilo walimpa kwa sababu aliwahi kupakia mizigo bandarini, basi.

— Wavuvi wameiokota baiskeli, iko kwenye mtumbwi wao. Acheni kumtia mwenzenu presha.

— Mtumbwi wa injini unakwenda hivyo? — Injinia alimnyang'anya Elikana simu. — Ona, sasa mwendo umeshuka, ni kilomita tano. Kila siku, saa nne na nusu, palepale inapunguza. Hapo anapanda mlima.

— Mlima gani ziwani, wewe?

— Wa chini! Unadhani ziwa ni beseni? Kule chini kuna vilima kama huku kwetu, na barabara zake.

Salma aliweka birika chini.

— Maji hayapitishi mtandao. Simu yangu iliingia kwenye ndoo tu, mpaka leo haijasema kitu.

— Yako si ya wazungu. Nathanieli wageni walimwachia vidude vya maana: kioo cha kubandika kwenye kofia, aone anayemfuata bila kugeuka, mrija wa kunywea maji ya mtoni, unachuja wenyewe, pampu ya kuingia mfukoni. Sasa mtu ana pampu, ana mrija, atakosaje hewa? Anajipulizia!

Wakacheka wote, isipokuwa Nahodha. Alikuwa anakitazama kikombe chake.

— Elikana, waambie ya Jumanne — alisema.

— Waambie wewe.

— Tulikodi mtumbwi, tukaifuata hiyo alama. Tulipokaribia tukazima injini. Ziwa limetulia, hakuna chombo, hakuna hata ndege. Alama ikaja mpaka chini yetu, ikapita.

— Mkaona nini? — Salma aliuliza.

— Hatukuona. Tulisikia kengele.

Elikana aliinamisha kichwa. Ilikuwa kengele ya baiskeli, mara mbili fupi, jinsi Nathanieli alivyozoea kuwaomba njia kina mama waliojitwika ndizi. Hakumwambia mama yake. Aliogopa kuliko siku ile mtumbwi ulipopinduka, maana siku ile alijua anachokililia. Sasa aliogopa kumzika mtu ambaye bado yuko njiani.

— Anatafuta pa kutokea — Injinia alisema kwa sauti ya chini. — Mkizika ule mgomba leo, mmemfungia mlango.

— Koma, Injinia! — Nahodha alimkemea.

— Samahani — ilisema sauti nyuma yao. Alikuwa Kokwijuka, mama muuza senene, aliyeleta gurudumu lenye pancha na kusahaulika pale pembeni. — Hicho kidude kinatumia betri?

— Ya kuchaji — Injinia alijibu. — Nilikifunga mwenyewe.

— Ikijaa inakaa siku ngapi?

— Tatu. Ikijitahidi sana, nne.

— Na huyo kijana amepotea wiki sita?

— Wiki sita.

— Sasa nani anakichaji?

Salma akamimina kahawa kwenye kikombe kilichokuwa kimejaa, ikamwagikia mezani, naye asione.

Elikana alichukua simu yake mkononi mwa Injinia na kumpigia mama.

— Mama, waambie wazee wasizike.

— Mwanangu, Padri keshafika. Kwani umempata?

— Sijampata, mama — alisema. — Lakini huko aliko hayuko peke yake.