Rangi ya Kahawia Kwenye Ubongo wa Barasa

Alikuwa akikoroma. Mimi nililala kwenye sakafu ya stoo ya simiti, kwenye saiti ya ujenzi kule Loresho, mguu umevunjika, damu imeingia machoni, na kando yangu mdogo wangu Barasa anakoroma kama mtu aliyechoka sana. Nilimwita, hakujibu, akazidi kukoroma. Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje. Mwishowe akanyamaza, na mimi bado nimemshika shati.

Ndugu zangu wa chama cha watu wa nyumbani, najua ushuhuda hautaji watu majina. Leo nitataja. Atakayetaka kutoka, mlango wa ukumbi huu uko wazi.

Mimi na Barasa tulikuwa mafundi wa mawe, tukikaa hapa hapa mtaani Satellite. Foremani wetu alikuwa Wanjala, huyu mwenyekiti wenu. Tulimwambia mbao za jukwaa la kujengea ukuta zimeoza. Akasema, "Nyinyi mnaogopa mbao ama mnaogopa kazi?" Tukapanda asubuhi hiyo, jukwaa likakatika, tukaanguka.

Wakati huo wakaguzi wa kaunti walikuwa wanaingia getini. Nilimsikia Injinia Mbatha, mwenye ile kazi, akisema, "Waweke stoo kwanza. Hawa wakiona damu watafunga saiti." Tukabebwa. Wakaguzi wakazungushwa, wakanywa soda, wakaenda zao. Gari la kutupeleka hospitali lilikuja jua likishuka.

Hospitalini Wanjala akasema, "Huyu alikufa papo hapo." Nikasema hapana, alikuwa anakoroma. Akanicheka. "Brathe, wewe mwenyewe uligonga kichwa. Utajuaje ulisikia nini?"

Hata Nekesa, mke wa Barasa, alinisihi. "Shemeji, nyamaza. Wacha niamini hakuteseka."

Kule mochari, daktari mmoja mama anayefanya utafiti wa watu walioumia kichwa alituomba ubongo. Alisema hauwezi kukatwa ukiwa mbichi, lazima ukae kwenye dawa wiki kadhaa ndipo ugande. Nekesa akakubali, nami nikamuunga mkono. Tukazika bila huo ubongo.

Na ninyi mnajua mlivyonifanyia. Kwetu mtu huzikwa mzima. Mzee mmoja alisimama pale kaburini akauliza, "Tunazika mtu ama tunazika ganda?" Mkaniita muuza vichwa. Nikiingia dukani mnawafunika watoto wenu vichwa kwa mikono, mnacheka. Nawaambia, nilifika mahali nikaamini kweli akili imeniruka. Labda ni mimi mwenyewe nilikuwa nikikoroma mle ndani. Nikajifungia nyumbani, sitaki kuona mtu.

Kisha daktari akatuita mimi na Nekesa. Nikamwambia, "Mimi niliishia darasa la sita. Niambie kama mtu wa kawaida."

Akatuonyesha kioo kidogo chenye kipande cha ubongo, chembamba kuliko ganda la kitunguu. Alikuwa amekipaka kitu kinaitwa antibodi. "Hii ni kama mbwa wa polisi," akasema, "anafuata harufu moja tu. Inashika mahali nyuzi za ubongo zimekatika, halafu tunapatia hapo rangi ya kahawia ndiyo tuone."

Nikachungulia kwenye maikroskopu. Vitu kama shanga za kahawia, zimejaa kila mahali.

"Uzi ukikatika, vitu vilivyokuwa vikipita ndani yake hujaa hapo, kama maji kwenye mtaro ulioziba," akasema. "Lakini vinajaa mtu akiwa bado hai, na vinachukua muda. Aliyekufa papo hapo hangekuwa na hizi."

"Muda gani?" Nekesa akauliza.

"Siwezi kukupa saa kamili, mama. Lakini aliishi masaa."

Nekesa akanigeukia. "Kwa hivyo alikuwa anakoroma."

"Ndiyo, shemeji."

"Na mimi nikakuambia unyamaze." Akalia akiwa amenishika mkono.

Nikauliza kama angeletwa mapema angepona. Daktari akasema hilo, rangi haiwezi kumwambia. Hata leo hilo hakuna anayelijua, na hilo ndilo linanila.

Baadaye tulirudishiwa vipande vilivyobaki, tukavizika kando yake bila kumwalika mtu.

Namshukuru yule daktari. Namshukuru Nekesa, aliyekubali kusikia jambo ambalo hakutaka kulisikia. Nimerudi kuwa mtu, natembea na fimbo, lakini kichwa changu najua ni kizima. Na ninyi, mtu aliyeumia akiwaambia alichosikia, msimwambie hakusikia.

Injinia Mbatha tutaonana mbele ya hakimu, daktari amekubali kuja kueleza. Lakini wewe, Mwenyekiti Wanjala, umekaa hapo mbele. Ulishika maikrofoni kwenye mazishi ukawaambia watu wote hawa kwamba Barasa alikufa papo hapo. Ufunguo wa stoo ulikuwa nao wewe. Nekesa huyu hapa. Ulipofunga ule mlango, ulimsikia au hukumsikia? Simama, umjibu.