Aliyejaribu Vitanda vya Mayaya

Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa kumi jioni, Shangazi, kama sote tunavyomwita ofisini, atafunga droo yake ya chini, ile inayogoma mpaka uipige goti, na atakuwa ametimiza miaka ishirini na tisa na miezi minne ya kuwatafutia watu mayaya. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu wake wa kuagwa kwa sababu mimi ndiye mpokea simu, meza yangu inatazamana na yake, na kwa miaka kumi na minne nimesikia kila alilosema, hata yale ambayo angependa nisiyasikie. Wasifu wa kwanza aliuandika mkurugenzi. Ulikuwa nusu ukurasa na neno "uadilifu" lilitokea mara sita. Shangazi aliusoma wote, kisha akauliza huyo marehemu ni nani.

Basi nikaitwa mimi. Na nitasema mapema kinachonikera, asije mtu akaniambia nilikificha. Ijumaa Shangazi anastaafu; Jumatatu, saa moja asubuhi, anaanza kazi nyingine. Binti yake wa pekee ana mapacha wa miezi mitano, likizo yake ya uzazi imekwisha, na Shangazi amekubali kuhamia kwake awalee. Nilipomuuliza siku yake ya mapumziko ni ipi na atalala chumba gani, alicheka mpaka miwani ikamteleza puani. Alisema hajapata kusikia bibi akiandikishana mkataba na wajukuu. Nikamkumbusha kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu hupewa jembe. Akaniambia nipokee simu, inalia. Haikuwa inalia.

Mtu atauliza, mpokea simu anatafuta nini kwenye mambo ya familia za watu? Ngoja kwanza nieleze Shangazi ni nani hapa kazini.

Alipoajiriwa, ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja juu ya fundi viatu, na fomu yetu ilikuwa na maswali ishirini na matatu, yote ya yaya. Umri wake, afya yake, wadhamini wake, kama anajua kuchemsha chupa za maziwa, kama ana hasira. Kuhusu nyumba anayopelekwa palikuwa na mstari mmoja tu: anwani. Shangazi aliletwa kupiga chapa fomu hizo na kunyamaza. Kupiga chapa aliweza.

Mwezi wake wa pili, yaya mmoja alirudi na begi lake baada ya siku tisa. Mtoto alikuwa amemponyoka mikononi akitoka kuogeshwa. Alipata nundu tu, tumshukuru Mungu, lakini mama wa mtoto alipiga simu akawaka kwamba tumempelekea mvivu, anasinzia kama kuku mgonjwa. Mkurugenzi wa wakati ule alikuwa ameshalitoa faili la yule binti ili alichane. Shangazi akaomba apewe saa moja. Akaenda kwa miguu mpaka kwenye nyumba ile, akapiga hodi, na badala ya kuuliza habari za nundu, akaomba aoneshwe yaya alikuwa akilala wapi.

Alikuwa akilala jikoni, kwenye godoro jembamba lililobanwa kati ya friji na mashine ya kufulia. Shangazi hakubishana na mtu. Alivua viatu, akavipanga vizuri pembeni, akajilaza, akafumba macho. Mama mwenye nyumba alibaki amesimama na taulo mkononi, hajui aite majirani au alete mto. Baada ya dakika tano Shangazi aliinuka, akamweleza kwamba friji inanguruma, mashine inatikisa sakafu, mlango ukifunguliwa unampiga mtu kisigino, na kwamba yeye mwenyewe angelala hapo asingefika siku ya tisa. Angemwangusha mtoto siku ya tatu. Akamuaga kwa heshima. Aliporudi ofisini akachukua kalamu nyekundu, akaongeza swali la ishirini na nne kwa mkono: Yaya atalala wapi, na nani amepajaribu?

Tangu siku hiyo hakuna yaya wetu aliyepelekwa kwenye nyumba ambayo Shangazi hajajilaza. Nimehesabu mafaili, ni nyumba elfu moja mia nne na kitu. Kwa nje wateja humwita mama mkaguzi. Sisi humwita Mkaguzi wa Vitanda, tena mbele yake, na hajawahi kukasirika.

Msifikiri ilikuwa rahisi. Wiki yangu ya kwanza kwenye simu nilipigiwa na bwana mmoja aliyetaka kuripoti kwamba mfanyakazi wetu amekuja kwake kikazi, amevua viatu na amelala. Nikaomba radhi mpaka sauti ikakauka. Shangazi aliporudi nilimweleza kwa kunong'ona, nikidhani nimemwokolea kibarua chake. Akaniuliza kama yule bwana alitaja pia kwamba chumba hakina dirisha. Hakutaja.

Halafu kuna habari ya wakili. Huyo alikuwa na nyumba kubwa, mazulia mpaka kwenye ngazi, na alimtembeza Shangazi kila chumba huku akimweleza sheria za kazi, kifungu kwa kifungu. Chumba cha yaya kilikuwa cha mwisho. Shangazi akajilaza, kitanda kikasema kwaa, na yeye akajikuta sakafuni na shuka kichwani. Mguu mmoja wa kitanda ulikuwa haupo; mahali pake palikuwa pameegemezwa kwa vitabu vinne vya sheria. Shangazi anasema siku hiyo ndiyo pekee aliyopata kumwona wakili akikosa hoja. Kitanda kipya kilinunuliwa kabla hajamaliza kujifuta vumbi.

Lakini ninayoipenda mimi ni nyumba ya mwalimu. Ghorofa ya nne bila lifti, vyumba viwili na sebule, mama mmoja na kitoto chake cha miaka mitatu kinachouliza "kwa nini" kama kinalipwa. Mwalimu alikuwa ameona aibu hata kabla ya kufungua mlango. Alisema hana cha kuonesha, chumba chenyewe ni kidogo, yeye amehamia sebuleni ili yaya apate pa kulala. Shangazi akajilaza kama kawaida, akafumba macho kama kawaida, na akalala kweli. Alilala dakika hamsini. Alipoamka alikuta amefunikwa shuka safi, pazia limevutwa, na kwenye mto, karibu na pua yake, kuna mwanasesere wa kitambaa asiye na jicho moja. Mwalimu na mtoto walikuwa wamekaa sakafuni nje ya mlango, kidole mdomoni, wanamlinda.

Alirudi ofisini akaandika kwenye fomu, chini kabisa, kwa kalamu nyekundu: Nimelala. Siku hiyo hiyo alimpelekea mwalimu yaya bora tuliyekuwa naye, yule ambaye familia za magari mawili mawili zilikuwa zikimgombania. Wakakaa pamoja miaka kumi na mmoja. Tangu hapo "nimelala" ndiyo alama yetu ya juu. Katika nyumba zote hizo elfu na mia nne, zilizoipata ni saba.

Kwa upande wa mayaya napo alikuwa na lake. Hakuuliza mtu ana uzoefu wa miaka mingapi. Aliuliza: nieleze mtoto aliyekushinda. Anayesema watoto wote ni malaika, aliagwa kwa tabasamu na kikombe cha chai. Anayecheka peke yake kwanza, kisha akasema kulikuwa na mmoja huyo, ee Bwana, alinifichia viatu mwezi mzima, huyo alikuwa ameshapata kazi hata kama hajajua. Vijana wetu wa usaili wamejaribu kumwiga. Swali wameliweza. Kusikiliza jibu bado.

Sasa mmeona kwa nini sikuweza kunyamaza. Mtu ambaye kwa miaka ishirini na tisa hajaruhusu mwanamke yeyote aende kwenye nyumba isiyokaguliwa, yeye mwenyewe anakwenda Jumatatu hivi hivi, eti ni kwa mwanangu. Mganga hajigangi, nilijua, lakini sikujua hajigangi kiasi hicho. Jumatano ya wiki iliyopita nikachukua fomu tupu, nikaandika jina lake mahali pa yaya na jina la binti yake mahali pa mwajiri, nikaenda.

Binti alinipokea na pacha mmoja begani na mwingine kwenye kiti cha kubembea, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Nilipomwambia nimekuja kukagua, alidhani natania. Alipoona fomu hakudhani tena. Alisema nimemtukana ndani ya nyumba yake, kwamba anayekuja ni mama yake mzazi, si yaya. Nikamwambia, sawa dada, nioneshe tu mama mzazi atalala wapi.

Kitanda kilikuwa ndani ya chumba cha watoto, katikati, kimebanwa na vitanda vya mapacha kulia na kushoto. Nilivua viatu, nikajilaza. Niseme ukweli, niliona aibu kubwa. Sijui yeye aliwezaje mara elfu na mia nne. Nilifumba macho na nikaelewa mara moja. Mtu akilala pale, kila kikohozi ni chake, kila chupa ni yake, hana usiku. Kama angekuwa yaya mwingine yeyote, Shangazi angeichora fomu mstari mwekundu na kuondoka. Nilimwambia binti hivyo hivyo, nikiwa bado nimelala chali, maana ningeinuka ningeogopa.

Binti akakaa kitandani miguuni kwangu. Alisema si yeye aliyekiweka pale. Mama yake ndiye aliyepiga simu akaagiza awekwe katikati yao, na kwamba asitafutiwe siku ya kupumzika, kwa sababu binti alipokuwa mdogo, mama alikuwa akilala kwenye vitanda vya watu wengine kazini, na yeye akaachwa alale kwa jirani. Shangazi ameibeba hatia hiyo miaka yote bila kumwambia mtu. Sikuijua mimi, na nimekaa mbele yake miaka kumi na minne.

Halafu binti akaniambia jambo ambalo naliandika hapa kwa ruhusa yake. Anamkumbuka yule jirani vizuri. Alimpenda. Lakini anachokumbuka zaidi ni jirani huyo kila asubuhi akijishika kiuno akinyooka polepole, kwa sababu kwa miaka sita alilala kwenye kochi ili mtoto alale kitandani, na hakuna aliyewahi kuuliza. Akasema hataki mapacha wake wamkumbuke bibi yao ameshika kiuno.

Kulikuwa na chumba kidogo cha pembeni, kimejaa baiskeli ya mazoezi ya mkwe, masanduku, na pasi mbili mbovu. Jumamosi nilirudi. Baiskeli imehamia barazani. Kitanda kiko ndani, dirisha linafunguka. Binti na mumewe wamegawana usiku, zamu kwa zamu, na Shangazi ni wa mchana. Jumapili ni yake, imeandikwa, wote wawili wametia saini. Mkwe alinipa fomu kwa mikono miwili, kama mtoto anayeonesha mtihani.

Jumatatu asubuhi nikaiweka fomu mezani kwa Shangazi. Alikasirika, na wenzangu waliokuwapo ni mashahidi. Aliuliza nani amenituma. Aliuliza tangu lini mpokea simu akawa mkaguzi. Nikamwonesha swali la ishirini na nne na kumuuliza mwandiko ule ni wa nani. Akainuka, akaenda kujimiminia chai, akasimama dirishani na mgongo wake kwetu muda mrefu kuliko chai inavyohitaji. Alipogeuka, macho yalikuwa yamelowa na sauti ilikuwa ya kazi. Aliuliza kitu kimoja tu: mlango wa chumba unafungika kwa ndani?

Unafungika, Shangazi. Mkwe wako amepachika komeo. Limekaa upande kidogo, lakini linafunga.

Akatia saini.

Kwa niaba ya mkurugenzi na uadilifu wake mara sita, ya vijana wa usaili, ya mwalimu wa ghorofa ya nne ambaye amekuja kukuaga na kitoto chake ambacho sasa ni kirefu kuliko mlango, na ya mayaya wote waliolala vizuri bila kujua nani aliwatangulia kitandani, tunakushukuru. Umetufundisha kazi, na mimi umenifundisha kuvua viatu kwa watu.

Fomu yako iko kwenye faili, imekamilika, isipokuwa mstari wa chini kabisa. Nilijilaza kwenye kitanda kipya dakika tano kama sheria inavyotaka, kinafaa, lakini sikulala, na mimi siandiki uongo kwa kalamu yako. Nimelifunga faili pamoja na zawadi zako, kalamu nyekundu imo. Ukiamka Jumanne, ujaze mwenyewe.

Tunakutakia usingizi mwema, Shangazi.

Mpokea simu, meza inayotazamana na yako